Kabla ugeuze nduthi yako iwe ya stima, piga hesabu ya betri

Kila tarehe 14 ya mwezi, jioni, wasee wa steji huacha stori za mpira na kuchungulia simu. EPRA inatangaza bei mpya ya mafuta. Ikipanda, hakuna anayepiga kelele. Mtu anafunga jaketi, anawasha nduthi na kurudi barabarani akijua kesho atabaki na kidogo kuliko leo. Oktoba 2023 petroli ilipofika Sh217.36 kwa lita hapa Nairobi, hata wale waliokuwa wakicheka nduthi za umeme kwamba ni toi za watoto walianza kuuliza maswali.

Bei ilishuka baadaye, lakini maswali hayakuisha. Siku hizi msee wa Kayole au Dandora haulizi tena kama nduthi ya stima inaweza kubeba abiria wawili na gunia. Ameziona zikipita Jogoo Road kila asubuhi. Anachouliza ni hiki: "Hii Boxer yangu injini imechoka. Naweza kuigeuza? Itanigharimu ngapi?"

Jibu la kwanza ni ndiyo, inawezekana. Ukienda Kariobangi Light Industries utapata fundi wa kulehemu fremu, na mota ya kuwekwa ndani ya gurudumu la nyuma pamoja na kontrola yake unaweza kuagiza. Hakuna uchawi hapo. Hata kampuni inayoitwa Roam leo ilianza Nairobi 2017 ikiitwa Opibus, na kazi yake ya mwanzo ilikuwa kung'oa injini za dizeli kwenye magari ya safari na kuweka mota za umeme.

Jibu la pili ndilo linalouma. Pesa yako nyingi itaenda kwa betri, na hapo ndipo wengi huchomeka. Mwenye pesa kidogo hununua betri ya bei ya chini, halafu ndani ya mwaka mmoja anajikuta ametumia pesa zaidi kuliko yule aliyebaki na petroli. Leo nataka tupige hesabu hiyo pamoja, polepole, ili ukienda dukani uwe na namba zako mkononi.

Nduthi yako inakula uniti ngapi?

Usianze na bei. Anza na kilomita zako.

Kila betri ina namba mbili muhimu, volti na Ah. Zizidishe. Betri ya volti 72 yenye Ah 40 inakupa 2,880, yaani karibu uniti 2.9. Uniti hizo ni zilezile unazonunua kwa tokeni. Kwa hivyo unaweza kufikiria betri kama tangi, na uniti kama lita.

Nduthi ya umeme inayobeba abiria mjini, ikisimama na kuondoka kila mara, hutumia kama uniti 3 hadi 4 kwa kilomita 100. Tuchukue 3.5. Ukitaka kulinganisha, Roam Air, nduthi iliyotengenezwa kiwandani, hutumia betri ya uniti 3.24. Basi mtu akikuuzia betri ya uniti moja na kuapa itakupeleka kilomita 100, mshukuru na uondoke.

Sasa weka upande wa mafuta. Tuseme nduthi yako inaenda kilomita 45 kwa lita, na lita ni Sh180. Kila kilomita inakula Sh4. Kwa stima, ukihesabu tokeni ya nyumbani kuwa kama Sh28 kwa uniti baada ya kodi na tozo zote, na umeme kidogo unaopotea kwenye chaja, kilomita moja inakula kama Sh1.10.

Nne dhidi ya moja na senti kumi. Hapa ndipo watu huruka kwa furaha na kukimbia kununua betri. Ngoja kwanza. Hiyo Sh1.10 ni stima peke yake. Betri nayo inaisha, kidogo kidogo, kila unapoichaji. Lazima uilipie kwa kila kilomita, hata kama hakuna anayekutumia risiti.

Betri tatu utakazopewa

Ukizunguka mjini utapewa chaguo tatu hivi. Bei ninazoweka hapa ni za mfano tu, ili tuone hesabu inavyokwenda. Wewe ukienda dukani weka bei uliyoambiwa siku hiyo, lakini usibadilishe njia ya kuhesabu.

Ya kwanza ni betri ya asidi, ama ile iliyofungwa inayoitwa ya jeli. Unachukua sita za volti 12, Ah 20, unaziunganisha kwa mstari upate volti 72. Tuseme kila moja ni Sh5,500, jumla ni Sh33,000. Inaonekana poa. Lakini zote pamoja zina uzito wa kilo 40 na zaidi kidogo. Pia betri ya asidi haipendi kukamuliwa haraka. Namba ya Ah iliyoandikwa hupimwa kwa matumizi ya polepole, ya saa nyingi. Mota ya nduthi huvuta kwa nguvu, kwa hivyo kati ya uniti 1.44 zilizoandikwa, utatumia kama 0.85 bila kuiua. Hizo ni kilomita 24. Kutoka Umoja hadi tao na kurudi, kisha safari moja fupi, umekwisha. Na kuijaza tena ni saa sita hadi nane. Ukiitumia hivyo kila siku, itakupa raundi kama 300 za kuchaji kabla haijachoka.

Piga hesabu: uniti 0.85 mara 300 ni uniti 255 katika maisha yake yote. Gawanya Sh33,000 kwa 255. Kila uniti inayopita ndani ya betri hiyo inakugharimu Sh129. Kwa kilomita moja ni kama Sh4.50. Ongeza stima ya Sh1.10 na unafika Sh5.60.

Rudia hiyo namba. Sh5.60 kwa kilomita, wakati petroli ilikuwa Sh4. Umegeuza nduthi, umelipa fundi, umejisifu mtaani kwamba uko mbele ya wakati, halafu unalipa zaidi kuliko jirani yako mwenye injini inayotoa moshi.

Ya pili ni lithiamu ya mitumba. Hizi ni seli zilizotolewa kwenye laptopu, skuta za nje au magari, zikafungwa upya. Tuseme unauziwa pakiti ya volti 72 iliyoandikwa Ah 40 kwa Sh45,000. Ukiipima vizuri unapata Ah 24 zimebaki, na hilo ni jambo la kawaida. Hizo ni kama uniti 1.7, na ukiacha akiba kidogo ili usiiue, unatumia 1.5. Tuseme imebakisha raundi 500. Maisha yake yote ni uniti 750. Kila uniti inakugharimu Sh60, kilomita moja Sh2.10. Ongeza stima, unapata Sh3.20. Bado uko chini ya petroli, lakini kwa senti themanini tu, na kila chaji inakufikisha kilomita 42 hivi.

Ya tatu ni lithiamu mpya ya aina ya LFP, ambayo kwenye kibandiko huandikwa pia LiFePO4. Ndani yake kuna chuma na fosfati badala ya nikeli na kobalti. Ni nzito kidogo kuliko lithiamu za aina nyingine, lakini inavumilia. Ikiwa seli ni halali, raundi 2,000 ni kitu cha kawaida, na nyingi huenda zaidi. Tuseme pakiti ya seli 24, Ah 40, ni Sh110,000. Ina kama uniti 3, unatumia 2.6. Mara 2,000 ni uniti 5,200. Kila uniti ni Sh21, kilomita moja ni senti 74. Ongeza stima, unafika Sh1.85.

Kwa hivyo zipange: asidi Sh5.60, petroli Sh4, mitumba Sh3.20, LFP mpya Sh1.85. Betri iliyokuwa rahisi kuliko zote dukani ndiyo ghali kuliko zote barabarani.

Ukienda kilomita 100 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, kila kilomita inakuokolea Sh2.90 ya mafuta. Hiyo ni Sh7,500 kwa mwezi. Betri ya Sh110,000 inajilipa kwa miezi 15 hivi, na baada ya hapo bado ina miaka kadhaa ya kazi. Jambo moja tu: kilomita 74 kwa chaji haitoshi siku nzima ya kilomita 100. Itabidi upate mahali pa kuongeza mchana ukila githeri. Kama huna mahali hapo, hesabu yako haijakamilika.

Uongo wa kibandiko

Najua utasema, "Sina Sh110,000, wacha nichukue ya mitumba." Nilisema hivyohivyo. Nilipoacha chuo nilibaki na pesa kidogo, nikaamua kumgeuzia binamu yangu nduthi, tuwe tunagawana faida. Nilinunua pakiti ya lithiamu kwenye duka moja mjini, imefungwa plastiki ya bluu safi, imeandikwa Ah 40. Wiki ya kwanza ilienda vizuri. Wiki ya sita binamu alizimikiwa akiwa na abiria kwenye daraja, usiku, na akasukuma hadi nyumbani. Tulipoifungua tukakuta seli za rangi nne tofauti chini ya plastiki ile, nyingine na kutu. Mwenye duka aliniambia hana garanti ya "vitu vya umeme". Hiyo ndiyo karo niliyolipia somo hili, kwa hivyo chukua haya bure.

Kwanza, seli ndogo za mviringo zinazofanana na betri ya tochi nene huitwa 18650. Zile nzuri kabisa za aina hiyo zina kama 3,500 mAh. Ukiona imeandikwa 6,000 au 9,900, ni uongo, hata kama rangi yake inavutia. Zile za laptopu nyingi zilikuwa 2,000 hadi 2,600 zikiwa mpya.

Pili, beba multimita. Inauzwa bei ya kawaida Luthuli na hata Gikomba. Pakiti nzuri ina nyaya nyembamba zinazotoka kila kundi la seli. Pima kila kundi. Yote yanapaswa kukaribiana sana. Kundi moja likiwa chini kwa zaidi ya sehemu ndogo ya volti, hilo ndilo litakalozima nduthi yako, kwa sababu pakiti nzima ina nguvu ya seli yake dhaifu kuliko zote.

Tatu, usiamini volti peke yake. Betri iliyochoka ikitoka kwenye chaja huonyesha volti nzuri. Lazima itolewe umeme chini ya mzigo na kuhesabiwa imetoa Ah ngapi. Mwuzaji akikataa kufanya hivyo mbele yako, au akikataa wewe uje na kifaa chako, ameshakujibu.

Nne, uliza saketi ya ulinzi, ile mafundi huita BMS. Inazuia seli kujaa kupita kiasi, kukauka kupita kiasi, na kuvutwa kwa nguvu zisizofaa. Mota ya wati 3,000 kwa volti 72 huvuta kama ampea 42, na ukipanda mlima zaidi ya hapo. BMS ya ampea 30 itakukatia stima katikati ya barabara. Tafuta ya 60. Na karibu kabisa na betri weka fyuzi, hata kama fundi anakwambia haina haja.

Tano, chaja. Chaja ya betri ya asidi haiendi kwa lithiamu. Hata lithiamu zenyewe hazifanani: pakiti ya LFP ya seli 24 hujaa kwa volti 87.6, wakati ile ya nikeli ya seli 20 hujaa kwa volti 84. Zote mbili zitaandikwa "72V" kwenye kibandiko. Ukichanganya chaja hizo, unaweka moto nyumbani kwako.

Umelala na nini kitandani?

Kuhusu moto tusifanyiane mzaha. Wengi wetu tunaishi ghorofa ya tano, chumba kimoja, ngazi moja, madirisha yana vyuma. Nduthi hatuiachi chini kwa sababu itaibiwa, kwa hivyo betri inapandishwa na kuchajiwa kando ya kitanda, kwa waya wa ekstensheni uleule unaobeba friji ndogo na pasi.

New York walipitia hayo. Mwaka 2023 watu 18 walikufa huko kwa moto uliotokana na betri za lithiamu, nyingi zikiwa za baiskeli na skuta za wasee wa kuleta chakula, wanaoishi maisha kama yetu. Jiji hilo likapitisha sheria kwamba baiskeli na betri zinazouzwa lazima ziwe zimepimwa na maabara. Sisi tunajua moto wa mtaani unavyokwenda. Mkasa wa gesi wa Mradi, Embakasi, mwanzoni mwa Februari 2024, haujasahaulika.

Hii ni sababu nyingine ya kupenda LFP. Seli za nikeli zikipata joto kali au zikitobolewa zinaweza kujichochea zenyewe, moja ikiwasha nyingine, na maji ya ndoo hayasaidii sana. LFP nayo si malaika, lakini inahitaji joto kubwa zaidi kabla ya kufika hapo, na haiwaki kwa ukali ule. Kama ni lazima uchaji ndani, chaji ukiwa macho, mbali na mlango wa kutokea, juu ya sakafu ya saruji, bila kitanda wala nguo karibu. Ikivimba au kunuka tamu-tamu kama rangi ya kucha, itoe nje na usiirudishe.

Kwani serikali inasema nini?

Kwenye karatasi, mambo si mabaya. Sheria ya Fedha ya 2023 iliondoa VAT kwa betri za lithiamu na za sola, na ikapunguzia mzigo nduthi za umeme. Mwaka huohuo EPRA iliweka bei maalum ya umeme wa magari: Sh16 kwa uniti saa za kawaida na Sh8 saa za usiku ambapo matumizi yako chini, kabla ya kodi na tozo. Septemba 2023 Rais Ruto alizindua mpango wa usafiri wa umeme kule Mombasa.

Lakini angalia nani anafikiwa na nafuu hizo. Bei hiyo maalum haiji kwenye tokeni ya mita yako ya Kayole. Inataka mita yake maalum, na hiyo anaipata mwenye kituo cha kuchaji. Wewe wa chumba kimoja unalipa bei ya nyumbani, na kama mwenye nyumba ana mita moja ya ploti nzima, unalipa bei anayotaka yeye. Nafuu ya kodi nayo inamfikia anayeingiza kontena. Kama inashuka hadi kwa anayenunua pakiti moja mjini, inategemea roho ya mwenye duka. Na nafuu yenyewe haina mizizi: Mswada wa Fedha wa 2024 ulitaka kuirudisha VAT hiyo, na kilichouzuia ni vijana walioingia barabarani hadi mswada wote ukaondolewa Juni mwaka huo.

Ndiyo maana kampuni za kubadilisha betri zimeshika soko. Spiro, Ampersand, Arc Ride na wengine wanakuuzia nduthi, lakini betri inabaki yao. Ikiisha unafika kituoni, unatoa iliyokauka, unaweka iliyojaa, unalipa, unaenda. Hukukopa Sh110,000. Hukuchaji kitandani. Betri ikichoka ni shida yao. Kwa msee asiye na akiba, hiyo ni faida ya kweli, na sitamdharau anayeichukua.

Bei yake ni uhuru. Unaenda pale vituo vilipo. Bei ya kubadilisha ikipanda, huna duka la pili. Na betri zenyewe zina simu ndani: kampuni inajua uko wapi, na inaweza kuizima. Ukigeuza nduthi yako mwenyewe unakwepa hayo yote, ila unakuwa wewe kampuni: wewe ndiye mwenye mtaji, fundi, mlinzi na bima. Chagua ukijua unachochagua.

Na usisahau karatasi. Injini ikitoka, logbook yako haisemi ukweli tena. Mabadiliko makubwa kama hayo lazima yafike NTSA na chombo kikaguliwe. Usipofanya hivyo, siku ya ajali bima itakuwa na sababu nzuri ya kukukataa, na abiria wako ndiye atakayebaki na bili ya hospitali.

Mwenye pesa kidogo afanye nini?

Njia ya kwanza ni kuanza na kitu kidogo. Baiskeli ya umeme inakula uniti 1 hadi 1.5 kwa kilomita 100. Pakiti ya LFP ya volti 48, Ah 15, ni uniti 0.7 tu, na inakufikisha kilomita 50 hivi. Kwa mtu wa kupeleka chakula Donholm, Buruburu na Umoja, hiyo ni siku nzima. Betri ndogo nzuri ni bora kuliko kubwa mbovu.

Njia ya pili ni chama. Watu kumi wa steji moja wakichanga Sh11,000 kila mmoja, wananunua pakiti moja nzuri kila mwezi kwa zamu. Zaidi ya hapo, wakijisajili kama kikundi wanaweza kuomba mita moja ya kuchaji badala ya kila mtu kuhangaika na tokeni yake. Hapo ile bei ya usiku inaanza kuwa na maana, na betri zinalala kwenye kibanda chenye mlinzi, mbali na watoto. Hii ndiyo kazi ningependa kuona MCA na mbunge wa huku wakiulizwa: mita na kibanda kwa steji. Tisheti za kampeni tunazo za kutosha.

Njia ya tatu ni ya mwenye mikono. Lincoln Wamae, mvumbuzi wa hapa Nairobi, alijulikana kwa kutengeneza viti vya magurudumu vya umeme akitumia seli za laptopu zilizotupwa. Inawezekana. Lakini kazi ya seli za mitumba ni kupima moja baada ya nyingine, kuzipanga zinazofanana, na kutupa nyingi. Kama huna vifaa na miezi ya subira, usijaribu kwa mara ya kwanza kwenye kitu kitakachobeba abiria.

Na ile ya asidi? Ina kazi yake: taa za nyumbani, kibanda cha kinyozi, kuwasha gari. Kwa tuktuk inayozunguka ndani ya estate moja kwa mwendo wa polepole inaweza kujaribiwa, kwa sababu uzito si shida sana. Hata hapo, piga ile hesabu kwanza. Na ukichoka nayo, usimpe mtu wa kuipasua kwa nyundo uani. Kule Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri za asidi kiliwaachia wakaazi sumu ya risasi kwenye damu, watoto wakiwemo. Walienda kortini miaka na mikaka, na ni Desemba 2024 tu Mahakama ya Juu iliporejesha fidia yao ya Sh1.3 bilioni. Betri hiyo irudishe kwa muuzaji anayechukua za zamani. Lithiamu iliyokufa ipeleke kwa watu wa taka za elektroniki, kama WEEE Centre.

Sasa toa kalamu. Andika kilomita zako za siku, bei ya betri uliyoambiwa, uniti unazoweza kutumia kwa chaji moja, na raundi ambazo muuzaji yuko tayari kuziandika kwenye risiti. Zidisha uniti kwa raundi. Gawanya bei kwa jibu hilo. Zidisha kwa 0.035, kisha ongeza Sh1.10 ya stima. Ukipata chini ya kile unacholipa kwa petroli, na pengo linatosha kulipa fundi, endelea.

Ukipata juu, weka pesa yako mfukoni na uendelee na injini yako miezi michache. Hakuna aibu. Binamu yangu bado ako na Boxer yake ya petroli, na kila jumamosi tunaweka kitu kidogo kwenye chama. Safari hii hatununui kitu ambacho hatujakipima.